Mkuu wangu anadai ushahidi kwanza: je, niripoti au ninyamaze?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Ninafanya uandikishaji katika shirika la Kitanzania linalogawa vifaa vya msaada kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Fedha zinatoka Umoja wa Mataifa, zinapitia shirika moja la kimataifa, ndipo zinafika kwetu. Ghalani kuna msimamizi ambaye inasemekana mwanamke hapati kibarua cha usafi au kupanga mizigo mpaka "amwone kwanza nje ya kazi". Nilidhani ni maneno ya watu, hadi mama mmoja Mrundi aliponieleza mwenyewe kwamba yamemkuta, kisha akaniomba nisimwambie mtu kwa sababu ana watoto wanne na kazi hiyo anaihitaji. Nilimdokeza mkuu wangu bila kumtaja mama huyo. Akasema nilete ushahidi kwanza, na kwamba hata kama ni kweli, hao ni watu wazima na kazi wamepata. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nifanye nini? Naomba jina langu lisitajwe.

JIBU

Marahaba, dada, na pole kwa mzigo huo. Jibu lenyewe ni hili, sababu nitazieleza huko mbele: toa taarifa wiki hii, kwa maandishi, kwa mtu mwingine asiye huyo mkuu wako, bila kutaja jina la yule mama. Ushahidi hutakiwi kuutafuta wewe.

Kanuni inayowabana nyote mnaolipwa kwa fedha za Umoja wa Mataifa imo kwenye waraka wa Katibu Mkuu wa Oktoba 2003, enzi za Kofi Annan. Ni waraka mfupi, na maneno yake naamini yamo kwenye kanuni za maadili ulizotia saini siku ya kuajiriwa, labda ukiwa na haraka ya kumaliza karatasi nyingine kumi. Unasema mfanyakazi akiwa na wasiwasi au shaka kwamba mwenzake anawatumia watu kingono, awe wa shirika lake au la jirani, lazima aripoti kwa njia zilizowekwa. Shaka tu inatosha. Wewe una zaidi ya shaka, kwa sababu mtu amekueleza kwa kinywa chake yaliyompata.

Mkuu wako anapokwambia "leta ushahidi" anakupa kazi ya upelelezi ambayo hukufundishwa na huna ruhusa nayo. Nisikilize vizuri hapa, maana wafanyakazi wengi wenye moyo mzuri ndipo wanapoharibu. Mtu anaanza kwa kuwauliza wanawake wawili watatu, "eti na wewe alikwambia hivyo?" Jioni ile ile habari imefika ghalani. Msimamizi anafuta meseji zake, anawaita wanawake mmoja mmoja, huyu anampa kibarua alichokuwa akikisubiri, yule anamtisha. Mchunguzi aliyesomea kazi akija mwezi unaofuata anakuta kila mtu ana kauli ile ile ya kufundishwa, na jina la yule mama linatajwa kwenye foleni ya maji. Halafu kumrudisha mtu kwenye maelezo yale mara tatu, mara nne, kwa watu tofauti, ni kumuumiza upya, na kila maelezo yakipishana kidogo mtuhumiwa anapata pa kushikilia. Kwa hiyo usimhoji zaidi, usimrekodi, usiwakusanye wengine, usimtegee msimamizi mtego. Ulichokisikia kinatosha kuanzisha kazi ya wenye kazi.

Na sharti la namna hii, la kudai kitu kamili kabla ya kusikiliza, lina historia mbaya karibu sana na hapo ulipo. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola, huko Kivu Kaskazini, ukasambaa hadi Ituri. Ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Beni na Butembo zikajaa magari meupe, hoteli zikajaa wageni, na kukawa na kazi za muda mfupi za kupika, kufagia na kuelimisha jamii, zenye malipo ambayo kwa mji ule yalikuwa makubwa. Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha maelezo ya wanawake 51 waliosema walitakiwa kutoa miili yao ili wapate au wabaki na kazi hizo. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaunda tume huru chini ya wenyeviti wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, Mkongomani ambaye ametetea wanawake wa mashariki mwa nchi yake kwa miaka mingi. Ripoti ikatoka Septemba 2021. Tume ilibaini watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Kati ya waliosimulia alikuwemo msichana mdogo aliyekuwa akiuza vocha za simu kando ya barabara katika mji wa Mangina, dereva akampa lifti ya kumpeleka nyumbani, akampeleka hotelini.

Jambo ambalo kila meneja wa shirika angepaswa kulisoma mara mbili kwenye ripoti ile ni hili: tume ilikuta kulikuwa na tabia ya kuzikataa taarifa zote ambazo hazikuletwa kwa maandishi. Mwanamke wa Beni aliyekuja kusema kwa mdomo, kwa Kiswahili chake, akiwa na mimba, alihesabiwa hajasema kitu. Wale wakuu hawakuhitaji kusema kwamba wanaruhusu uovu. Iliwatosha kudai karatasi ambayo walijua haitaletwa. Nakwambia hivi ili uone kwamba maneno ya mkuu wako yana uzito mkubwa kuliko anavyodhani yeye, hata kama ameyasema kwa uvivu tu na si kwa nia mbaya.

Sasa lile la "ni watu wazima na kazi wamepata". Hili linasemwa sana, hata na watu waliosoma, na linanikera kila ninapolisikia. Angalia mazingira yenu. Mkimbizi nchini Tanzania hatoki kambini bila kibali, na soko la ajira la nje halimhusu. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa kukosa fedha, ilikata mgao wa chakula kambini hadi nusu. Kwa kaya nyingi, hizo kazi za posho ndizo fedha taslimu pekee zinazoingia. Anayeshika orodha ya vibarua ghalani ameshika sufuria ya mama yule na wanawe wanne. Ridhaa ya mtu aliyebanwa namna hiyo haina uzito kisheria wala kikanuni. Waraka wa 2003 unakataza kabisa kubadilishana kazi, fedha, bidhaa au huduma kwa ngono, na unataja waziwazi pia msaada ambao tayari ni haki ya mpokeaji. Mwaka 2019 kamati ya pamoja ya mashirika ya kibinadamu ilikaza kanuni zake zaidi: pale ambapo zamani uhusiano wa kimapenzi kati ya mtoa msaada na mpokea msaada ulikuwa haushauriwi tu, sasa uhusiano wowote unaotumia vibaya cheo au nafasi umekatazwa.

Hata ukiweka pembeni kanuni za mashirika, sheria yetu ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo. Ndiyo rushwa ya ngono tunayoisikia vyuoni na maofisini, na geti la kambi haliizuii kuingia. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Hata hivyo kwa mtu mzima kama yule mama, kwenda TAKUKURU au polisi kuhusu yaliyompata iwe hiari yake baada ya kuelezwa vizuri. Usimfanyie uamuzi huo.

Angekuwa na umri chini ya miaka 18, ningekujibu tofauti. Hapo hakuna ridhaa ya aina yoyote, kisingizio cha "nilidhani ni mkubwa" hakikubaliki, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ni ya bure. Ukisikia kwamba hata msichana mmoja mdogo yumo kwenye mambo ya ghala lile, usingoje hata kesho.

Rudi kwa mama yule kabla hujapeleka taarifa. Amekuomba usimwambie mtu, na wewe unalazimika kuripoti. Ni mtego wa kweli, ila una njia. Unachoripoti ni mwenendo wa msimamizi. Jina la mama huyo, namba ya kadi yake ya mgao, kijiji chake kambini, idadi ya watoto wake, vyote hivyo haviingii kwenye taarifa mpaka yeye aruhusu. Mwambie hivyo wazi: "Mimi kwa kazi yangu siwezi kukaa kimya kuhusu yule bwana, lakini wewe sitakutaja. Ukitaka kuongea na mtu wa uchunguzi, nitakuunganisha. Usipotaka, msaada wako uko palepale." Usimwahidi siri kamili, maana huwezi kuitunza, na usimwahidi kwamba msimamizi atafukuzwa, maana hilo haliko mikononi mwako. Kama alilazimishwa siku chache zilizopita, la haraka ni hospitali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Huduma hizo anazipata hata kama hataki kesi, na asiambiwe aende polisi kwanza ndipo atibiwe.

Taarifa yenyewe iwe fupi na kavu. Mtu aliyekasirika huandika: "Msimamizi wa ghala ni mzinzi na kila mtu anajua anavyowachezea wanawake." Sentensi hiyo haimsaidii yeyote. Andika namna hii: "Tarehe fulani, saa nne asubuhi, mkimbizi mwanamke mtu mzima alinieleza kwamba msimamizi wa ghala alimtaka kingono kama sharti la kupewa kibarua cha usafi, na kwamba alikubali kwa kuogopa kukosa kazi. Ameomba asitajwe. Kabla ya hapo nilikuwa nimesikia watu wengine wakisema jambo hilo kwa ujumla. Tarehe fulani nilimweleza mkuu wangu wa kazi, akaniambia nilete ushahidi." Tenganisha ulichoambiwa na mhusika, ulichoona kwa macho yako na kilichosemwa na watu. Usiweke maoni. Tuma kwa barua pepe, na nakala ihifadhi mahali ambapo si kompyuta ya ofisi.

Uitume wapi? Kwa shirika lenu kuna mtu aliyeteuliwa kushughulikia mambo haya. Jina lake linatakiwa kuwa ukutani. Kama mtu huyo ndiye mkuu wako, au ni rafiki wa msimamizi, mruke bila kuona haya. Shirika la kimataifa linalowapa fedha lina barua pepe au simu yake ya malalamiko, na mnufaika au mfanyakazi wa mbia wake anaweza kuitumia. Juu yake kuna mashirika ya Umoja wa Mataifa yenyewe. UNHCR, shirika la wakimbizi, kwa mfano, ina Ofisi ya Mkaguzi Mkuu inayopokea taarifa moja kwa moja, pamoja na zinazohusu wabia wake. Na kwenye shughuli nyingi za wakimbizi kuna mratibu wa pamoja wa mashirika yote kuhusu masuala haya, ambaye hamtegemei mkuu wako kwa mshahara.

Sanduku la maoni sikushauri. Nimeona kambini sanduku limepigiliwa misumari mbele kabisa ya mlango wa meneja, ufunguo anao yeye, na karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanamke anayetaka kulitumia lazima apite mbele ya watu wote wanaongoja zamu, akiwa na karatasi mkononi. Kisha mwisho wa mwaka shirika linaandika kwenye ripoti kwamba halikupokea lalamiko lolote. Kambi ya maelfu ya watu, mwaka mzima, lalamiko hata moja halipo! Mfadhili mwenye akili anaposoma hivyo anapaswa kushtuka.

Najua mkuu wako ana hofu yake pia, na huenda hujaambiwa: anaogopa mfadhili akisikia atasitisha mkataba na wafanyakazi wote mtarudi nyumbani. Hofu hiyo inaeleweka, ila ameigeuza kichwa chini. Waraka ule ule wa 2003 unasema shirika mbia likishindwa kuchukua hatua za kuzuia, au kuchunguza tuhuma, au kurekebisha baada ya tuhuma kuthibitika, hiyo ni sababu ya kuvunja ushirikiano nalo. Kinachohatarisha mkataba wenu zaidi ni ukimya wake. Shirika linaloripoti mapema na kumsimamisha mtu pembeni uchunguzi unapoendelea lina la kujieleza mbele ya mfadhili. Ukiona kuna nafasi ya kuongea naye tena kwa utulivu, mwonyeshe kifungu hicho. Wakuu wengine hubadilika wakiona kwamba kuripoti kunawalinda hata wao.

Akija na suluhisho la "tumhamishe kimya kimya" au "tumwombe aandike barua ya kuacha kazi", kataa kuwa sehemu yake. Shirika la misaada la Oxfam lilifanya hivyo Haiti mwaka 2011, baada ya tetemeko la 2010. Uchunguzi wa ndani uliishia kwa baadhi ya watu kufukuzwa na wengine, akiwemo mkurugenzi wa nchi, kuruhusiwa kujiuzulu. Mkurugenzi huyo baadaye alipata kazi Bangladesh kwa shirika jingine, ambalo lilisema halikuonywa. Gazeti la The Times lilipoyaanika Februari 2018, naibu mkurugenzi mtendaji wa Oxfam alijiuzulu, maelfu ya wachangiaji waliacha kutoa, na Haiti ikaliondoa tawi la Uingereza nchini mwake. Kutokana na aibu ile ulianzishwa mwaka 2019 mpango wa mashirika kuulizana kuhusu mtu anayeomba kazi, yaani waajiri wake wa miaka 5 iliyopita waseme kama alipatikana na kosa la kingono. Mpango huo unategemea kesi iwe imechunguzwa na kuandikwa. Aliyeondoka kwa barua ya kuagana na keki hana kosa lolote kwenye faili, na ghala linalofuata linamsubiri.

Sasa Desemba yako. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Mwaka 2014 Anders Kompass, ofisa mkubwa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa Geneva, aliwapa Wafaransa ripoti ya watoto waliosema wamedhulumiwa kingono na wanajeshi wa kigeni huko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Yeye ndiye aliyesimamishwa kazi kwanza, akaondolewa tuhuma Januari 2016, na mwaka huo huo akaamua kuondoka. Jopo huru lililoongozwa na Marie Deschamps, jaji mstaafu wa Kanada, lilikuwa limeshasema Desemba 2015 kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa vibaya kuwashughulikia watoto wale. Kama mtu wa cheo kile alitikiswa, mwandikishaji wa mkataba wa muda ana haki ya kuogopa.

Ila una kinga ambazo wengi hawazijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametoa taarifa anazotakiwa kuzitoa kisheria si sababu halali. Na kwa ninyi wa mikataba ya muda maalumu, kutokuongezewa mkataba ilhali ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa kunahesabiwa ni kuachishwa kazi. Ukiwa umetumikia zaidi ya miezi 6, unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Siku 30 zinapita upesi, nimeona watu wenye haki wakifika siku ya 40 wakarudishwa. Kwa hiyo tangu sasa weka pamoja barua za kuongezewa mikataba iliyopita, tathmini zako za utendaji, na ujumbe wowote ambao mkuu alikwambia utaendelea. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 kwa anayefichua uhalifu kwa mamlaka husika. Kwenye taarifa yako ongeza sentensi moja tu: "Naomba ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi kwa sababu ya taarifa hii." Mfadhili akishaipokea hiyo, kukuondoa Desemba kunakuwa jambo la kujieleza.

Neno kuhusu kinachokuja baada ya uchunguzi, kwa sababu mashirika hulisahau. Mwishoni mwa 2023 shirika la habari la AP liliripoti kwamba WHO iliwapa wanawake wa Kongo wasiopungua 104 dola 250 kila mmoja, tena kwa sharti la kumaliza mafunzo ya kujipatia kipato. Wengine kati ya waliodhulumiwa katika msimu ule wa Ebola wanalea watoto waliozaliwa kwa mambo hayo. Kwangu kiasi kile ni dharau. Uchunguzi wa ghala lenu ukianza, uliza tangu mwanzo nani atagharamia matibabu, ushauri nasaha na wakili wa wanawake hao, na je, watabaki na vibarua vyao? Nimeshuhudia mradi ukimfukuza mkosaji kisha ukafuta na orodha nzima ya vibarua aliowaandikisha, "kwa usafi". Wanawake wakapoteza kazi kwa kuwa walisema, na kwa miaka hakuna aliyethubutu kusema tena pale.

Huenda unajiuliza pia kama uandike jina lako au la. Ningekushauri uliandike, ukiomba lisivuke nje ya wachunguzi. Taarifa isiyo na jina inapokelewa, na kama ndiyo pekee unayoiweza basi ipeleke hivyo hivyo. Lakini mchunguzi asiyeweza kukurudia na swali la pili mara nyingi hukwama palepale, na kwa vile umeshamdokeza mkuu wako, jina lako yeye analo tayari. Taarifa yenye jina na tarehe itakusaidia hata CMA, kwa sababu itaonyesha ulianza kusema kabla hawajaanza kuona makosa kwenye kazi yako.